Sarafu za kidijitali dukani: vikwazo vinavyomkabili mfanyabiashara wa mpakani West Nile

Wilaya ya Koboko, iliyoko pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, inapakana na Sudan Kusini upande wa kaskazini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo upande wa magharibi. Kwa wenye maduka wa kaunti ndogo kama Abuku, fedha za kigeni si jambo la kushangaza. Shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo, paundi ya Sudan Kusini na dola ya Marekani hukutana katika masoko ya eneo hilo, kama zinavyokutana jamii zenyewe: Wakakwa, kwa mfano, wanaishi katika nchi zote tatu.

Wanaozitetea sarafu za kidijitali, kama vile Bitcoin, husema kuwa ni fedha zisizojua mpaka. Ingetarajiwa basi kwamba mahali pa namna hii pangekuwa pa kwanza kuzikaribisha. Hata hivyo, sarafu hizo hazijawa njia ya kawaida ya kununulia sukari, chumvi au sabuni nchini Uganda, si Kampala wala West Nile. Yafuatayo ni maelezo ya sababu zake, pamoja na mambo ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyapima kabla ya kukubali malipo ya aina hiyo.

Sarafu za kidijitali ni nini?

Sarafu ya kidijitali ni fedha isiyo na noti wala sarafu ya chuma. Bitcoin, ambayo ndiyo ya kwanza kupata umaarufu, ilianza kufanya kazi mwaka 2009. Haitolewi na benki kuu yoyote. Kumbukumbu za nani amemlipa nani huandikwa katika daftari la pamoja linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani, na ukurasa mpya wa daftari hilo huongezwa kila baada ya takriban dakika 10. Mmiliki hushika ufunguo wa siri unaohifadhiwa katika pochi ya kidijitali, ambayo kwa kawaida ni programu ya simu. Ufunguo ukipotea bila nakala, fedha nazo zimepotea. Ukiibwa, aliyeuiba ndiye mwenye fedha.

Kundi la pili ni sarafu thabiti, kama vile USDT, ambazo thamani yake imefungamanishwa na dola ya Marekani. Hizi hutolewa na kampuni, nayo huahidi kuwa kila sarafu moja ina akiba ya dola moja nyuma yake.

Sarafu za kidijitali zisichanganywe na pesa kwa simu. Kampuni ya MTN ilianzisha huduma ya pesa kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, na kinachotumwa kwa njia hiyo ni shilingi ileile ya Uganda, chini ya usimamizi wa Benki Kuu, isipokuwa imeandikwa katika simu badala ya kuchapishwa katika karatasi.

Soko lililozoea fedha nyingi

Ili kuelewa kinachokwamisha sarafu za kidijitali, inafaa kwanza kutazama jinsi fedha za kigeni zinavyofanya kazi mpakani. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, inaanzia mpaka wa Kongo na kuishia mpaka wa Sudan Kusini. Bidhaa za dukani hupanda kutoka Kampala, umbali wa karibu kilomita 500 hadi Arua, kisha husambazwa kuelekea Koboko, Yei na masoko ya Kongo kama Ariwara.

Hakuna sheria inayomlazimisha mwenye duka wa Uganda kupokea faranga ya Kongo. Akiipokea, huipokea kwa sababu anamjua mtu mwingine atakayeichukua: mbadilishaji fedha wa sokoni, au muuzaji wa upande wa pili anayehitaji faranga kununulia bidhaa. Fedha ya kigeni huingia mkononi mwake na kutoka kabla haijamletea hasara.

Wafanyabiashara wa eneo hilo pia wanajua vizuri maana ya fedha kuporomoka. Mwezi Desemba mwaka 2015, Sudan Kusini iliiacha paundi yake ijitafutie bei sokoni. Thamani rasmi, iliyokuwa takriban paundi 3 kwa dola moja, ilishuka mara moja hadi zaidi ya paundi 18. Aliyekuwa amelimbikiza paundi ndani alibaki na karatasi. Funzo lake lilikuwa kutoikalia paundi: muuzaji huweka bei kwa shilingi, na paundi anayoipokea huibadilisha mapema iwezekanavyo.

Nani ataipokea baada yangu?

Hapo ndipo ulipo ugumu mkuu wa sarafu za kidijitali. Swali la mwenye duka si kama Bitcoin inaweza kutumwa kutoka simu moja hadi nyingine, inaweza. Swali lake ni nani ataipokea kutoka kwake.

Mauzo ya siku katika duka la rejareja hayakai. Sehemu humwendea muuzaji wa jumla wa Koboko au Arua ili kununua bidhaa mpya, sehemu hulipia usafiri wa pikipiki au lori, sehemu ni ushuru wa soko, na iliyobaki ni karo ya watoto na chakula cha nyumbani. Ikiwa muuzaji wa jumla anataka shilingi, mwenye pikipiki anataka shilingi, shule inataka shilingi na mamlaka ya kodi inataka shilingi, basi Bitcoin iliyopokelewa Abuku inaishia Abuku. Imekuwa mtaji uliofungwa, na duka dogo halina mtaji wa kufunga.

Dola ya noti ina mbadilishaji. Pesa kwa simu ina wakala karibu na duka. Sarafu ya kidijitali haina mtu wa namna hiyo kijijini. Kuibadilisha kuwa shilingi humlazimu mwenye duka kumtafuta mnunuzi kupitia mtandao, mara nyingi mtu asiyemfahamu, na kuamini kwamba atalipa.

Bei isiyotulia

Kikwazo cha pili ni kuyumba kwa bei. Novemba mwaka 2021, Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Ni kweli kwamba bei ilipanda tena baadaye na kupita kiwango kile cha zamani, lakini faida hiyo ni ya anayeweza kusubiri.

Tuseme mwenye duka ameuza bidhaa za shilingi 40,000 na faida yake ni shilingi 4,000. Akilipwa kwa Bitcoin siku ya Jumatatu, na bei ikashuka kwa asilimia 10 kabla ya siku ya kwenda kununua bidhaa, faida yote imekwisha na amebaki na mtaji mtupu. Ikishuka zaidi ya hapo, analipia kwa mfuko wake bidhaa aliyokwisha kuiuza. Mteja amekwenda na sukari yake. Hatari amemwachia muuzaji.

Sarafu thabiti hupunguza tatizo hilo, lakini haziliondoi kabisa. Mwezi Mei mwaka 2022, sarafu ya TerraUSD, iliyotangazwa kuwa sawa na dola, iliporomoka ndani ya siku chache na haikuinuka. Machi mwaka 2023, hata USDC, mojawapo ya sarafu kubwa za aina hiyo, ilishuka kwa muda chini ya senti 90 baada ya benki moja ya Marekani iliyohifadhi sehemu ya akiba yake kufilisika.

Ada, mtandao na umeme

Ada ya kutuma Bitcoin katika daftari lake kuu haitegemei kiasi kinachotumwa. Hutegemea nafasi ambayo muamala unachukua na msongamano wa siku hiyo. Kwa sababu hiyo, anayetuma thamani ya ng'ombe mmoja na anayetuma thamani ya kiberiti wanaweza kutozwa ada ileile. Desemba mwaka 2017, mtandao ulipoelemewa, wastani wa ada ulipita dola 50 kwa muamala mmoja. Kwa kawaida ada huwa chini sana kuliko hapo, lakini hata senti chache za dola ni mzigo katika biashara inayouza sukari kwa vipimo vidogo.

Ipo njia ya kukwepa ada na foleni hiyo, iitwayo Lightning, ambayo hukamilisha malipo madogo kwa sekunde chache. Kwa kawaida njia hiyo huhitaji simu janja, mtandao wa intaneti unaofanya kazi kwa pande zote mbili, na kifurushi cha data. Tangu Julai mwaka 2021, vifurushi vya data nchini Uganda hutozwa kodi ya asilimia 12. Pesa kwa simu, kwa upande mwingine, hufanya kazi katika simu ndogo ya vitufe kwa kubonyeza nyota na tarakimu, bila intaneti. Katika bara la Afrika wamejitokeza wabunifu, miongoni mwao waanzilishi wa huduma ya Machankura, wanaojaribu kuiwezesha Bitcoin kutumwa kwa njia hiyohiyo ya vitufe, lakini huduma hizo bado hazijaenea.

Umeme nao ni sehemu ya hesabu. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo ya mafuta na baadaye bwawa dogo la Nyagak, na maeneo mengi ya vijijini bado hutegemea sola kuchaji simu. Simu janja hula chaji upesi kuliko simu ya vitufe.

Kisha kuna kuzimwa kwa mawasiliano. Katika uchaguzi wa Februari mwaka 2016, mitandao ya kijamii na huduma za pesa kwa simu zilifungwa kwa amri ya serikali. Januari mwaka 2021, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano. Siku kama hizo noti huendelea kupita mkono hadi mkono, ilhali mwenye pochi ya kidijitali hawezi kununua hata chumvi.

Sheria ya Uganda inasemaje?

Benki Kuu ya Uganda imekuwa ikiwaonya wananchi kwa miaka kadhaa kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini na kwamba anayezitumia hana kinga ya serikali akipata hasara. Hatua yenye uzito zaidi kwa mfanyabiashara ilikuja tarehe 29 Aprili mwaka 2022. Katika waraka kwa kampuni zenye leseni za malipo, Benki Kuu ilieleza kuwa haijatoa leseni kwa taasisi yoyote kuuza sarafu hizo au kuwezesha biashara yake, na ikazikataza kampuni hizo kusaidia kuzibadilisha kuwa pesa kwa simu.

Waraka huo ulipingwa mahakamani. Mwaka 2023, Mahakama Kuu mjini Kampala ilitupilia mbali shauri hilo, ikiona kwamba sarafu za kidijitali hazimo katika mfumo wa malipo unaotambuliwa na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020.

Uamuzi huo hauwagusi matajiri wa mjini na wenye maduka vijijini kwa namna moja. Mkazi wa Kampala mwenye akaunti ya benki nje ya nchi anaweza kupata njia nyingine ya kubadilisha. Kwa mwenye duka wa Abuku, pesa kwa simu ndiyo karibu njia pekee ya kugeuza thamani ya kidijitali kuwa shilingi, na ndiyo iliyofungwa.

Kivuli cha utapeli

Hata pasipo sheria, imani imekwisha kujeruhiwa. Februari mwaka 2017, Benki Kuu ya Uganda ilitoa onyo dhidi ya OneCoin, mpango uliojiita sarafu ya kidijitali lakini ambao haukuwa na daftari la kweli nyuma yake. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba mwaka huohuo, na mshirika wake Karl Greenwood alihukumiwa nchini Marekani kifungo cha miaka 20 mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka 2019, kampuni ya Dunamiscoins ilifunga ofisi zake nchini Uganda ghafla, na maelfu ya watu waliowekeza wakapoteza akiba zao.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mfanyabiashara aliyesikia habari za majirani waliouza mifugo ili kununua sarafu zisizokuwepo hana sababu ya kutofautisha haraka kati ya Bitcoin na jina lolote jingine lenye neno hilo la sarafu. Tofauti ipo, lakini jukumu la kuithibitisha ni la anayetaka kulipa.

Zaidi ya hayo, malipo ya sarafu za kidijitali yakishathibitishwa hayarudishwi. Akituma kwa anwani isiyo sahihi, mtumaji hana kituo cha huduma kwa wateja cha kupigia simu, na matapeli wamezoea kuonyesha picha bandia za muamala usiofanyika.

Walikojaribu

Kenya imekwenda mbele kidogo. Katika eneo la Soweto Magharibi, mtaani Kibera jijini Nairobi, shirika la AfriBit Africa limekuwa likieneza matumizi ya Bitcoin tangu mwaka 2022, hasa kwa kuwalipa vijana wanaozoa taka, nao wakanunua mahitaji kwa baadhi ya wauza mboga na bidhaa ndogondogo. Taarifa za mwaka 2025 zilitaja watumiaji wapatao 200 katika mtaa wenye watu wengi mno. Sababu ya mzunguko huo mdogo kuwezekana ni kwamba aliyepokea alikuwa na jirani aliyekubali kupokea.

Njia nyingine iliyojitokeza Kenya ni huduma za daraja, kama Tando: mteja hulipa Bitcoin, muuzaji hupata shilingi katika M-Pesa yake. Muuzaji hahitaji kuijua Bitcoin hata kidogo. Mwezi Oktoba mwaka 2025, Kenya pia ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayoziweka kampuni hizo chini ya usimamizi wa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Daraja la aina hiyo ndilo hasa waraka wa Uganda wa mwaka 2022 unalolizuia.

Kulazimisha kwa sheria hakujaleta matokeo bora. Jamhuri ya Afrika ya Kati, jirani wa Kongo na Sudan Kusini, iliifanya Bitcoin kuwa fedha halali Aprili mwaka 2022, katika nchi ambayo wananchi wengi hawana umeme wala intaneti. Mwaka uliofuata ikaiondolea hadhi hiyo. El Salvador iliwataka wafanyabiashara wote kupokea Bitcoin kuanzia Septemba mwaka 2021. Januari mwaka 2025 ilibadili sheria yake, kufuatia makubaliano ya mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kupokea kukawa hiari.

Kwa jamaa walio ughaibuni

Hoja yenye nguvu zaidi kwa upande wa sarafu za kidijitali ni gharama ya kutuma fedha nyumbani. Kwa mujibu wa Benki ya Dunia, kutuma dola 200 kwenda nchi za Afrika kusini mwa Sahara kumegharimu katika miaka ya karibuni wastani wa karibu asilimia 8. Familia nyingi za West Nile, pamoja na wakimbizi wa Kongo katika makazi ya Lobule wilayani Koboko, zina ndugu walio mbali. Wapo wanaowashauri ndugu hao kutuma USDT ili kuepuka ada.

Ushauri huo unahitaji hesabu kamili. Gharama ya safari ya fedha haiishii inapofika kwenye simu ya mpokeaji. Inaishia inapogeuka kuwa unga. Ikiwa mpokeaji lazima amuuzie mtu wa kati kwa bei ya chini, au asafiri hadi Arua, zaidi ya kilomita 50 kutoka Koboko, nafuu iliyopatikana mwanzoni huweza kumezwa mwishoni. Na mpokeaji akidhulumiwa katika ubadilishaji usio rasmi, itakuwa vigumu kwake kupata msaada wa kisheria.

Mambo ya kuuliza kabla ya kupokea

Mfanyabiashara anayeombwa kupokea sarafu ya kidijitali anaweza kujiuliza maswali yafuatayo:

Je, muuzaji wangu wa jumla ataipokea? Kama sivyo, ni nani atakayeninunulia, kwa bei gani, na nitamwonea wapi akinikosea?

Je, bei ya bidhaa imewekwa kwa shilingi, na sarafu imehesabiwa kwa bei ya wakati uleule wa kuuza?

Je, malipo yameonekana katika pochi yangu mwenyewe na kuthibitishwa, au nimeonyeshwa picha tu katika simu ya mteja?

Je, nakala ya ufunguo wangu wa siri imeandikwa na kuhifadhiwa mahali salama, na je, kuna yeyote aliyeiona?

Je, nikipoteza kiasi hiki chote leo, duka litafunguliwa kesho?

Uamuzi wa kuruhusu daraja kati ya sarafu za kidijitali na pesa kwa simu uko mikononi mwa Benki Kuu ya Uganda na Bunge. Kwa sasa, zuio la mwaka 2022 lingali na uzito wake, na mwenye duka anayepokea sarafu hizo anabeba peke yake hatari ya bei, ya wizi na ya kukosa mnunuzi.